Kabla Hamjarushana

Ketini. Hii sakafu
haikubali uchafu.
Viatu wekeni safu
kule nje kibarazani.

Fundi Mejumaa ndimi,
cherehani na ulimi
vyaenda mbio, sizimi,
hapa kwetu Makupani.

Na mimi nimeshapaa
mabegani, nikang'aa,
siku moja nikakaa
wiki kumi kitandani.

Oneni mkono huu:
haufiki tena juu.
Ulivunjwa na makuu
na satini ya dukani.

Ilimetameta kweli,
waridi, tena aghali,
nguo isiyokubali
kushikika mkononi.

Mwanatumu alidaka,
kiuno kikamtoka,
bamia ilochemka,
nikatua simitini.

Basi chagueni pamba,
si ya kubana kwa kamba,
si pana ya kujigamba
ikapepea usoni.

Kitambaa kiloweke,
kisinyae, kitosheke,
ndipo mkasi ushike,
si mapema, sikizeni.

Rinda? Suruali kwanza,
ndipo rinda litaanza;
kupinduka huyafunza
mengi macho ya pembeni.

Pini kichwani hapana.
Mtandio nitashona,
kofia yenye kubana
mpaka huku shingoni.

Kucha zikateni zote,
na bangili msilete,
vipuli, mkufu, pete
vibaki kwenu nyumbani.

Raba, soli ya kushika,
kamba ndani kuzizika;
malapa ni kuteguka,
hata ya Idi, jamani.

Joto letu si la siri:
nyeusi huwa tanuri,
nyekundu ya bei nzuri
huchuruzika pajani.

Nguo tumeshamaliza.
Kurushana: nauliza,
nani kwanza ataweza
kumdaka wa angani?

Mwaona? Kimya. Hakuna.
Kurusha mnashindana,
kudaka mwaogopana
kama paka wa sokoni.

Wiki mbili ni kudaka,
godoroni kuanguka,
goti kukunja, kucheka,
tena kurudi foleni.

Na aliye kule juu
si bibi, si mtu mkuu;
mwenye kazi ni mguu
uliokita nyasini.

Mmoja nyuma akae,
shingo ndiyo alindae;
bao lije, akatae
kutazama uwanjani.

Hesabu iwe ya nane,
mmoja aseme, mpone,
midomo isishindane
mtu akiwa hewani.

Mwenye hofu na aseme,
ashushwe chini, aheme,
mcheko wenu ukome:
si aibu kuwa chini.

Wewe Sauda, najua
wataka juu, kwenye jua,
ngazi ya tatu. Na mvua?
Mmeiuliza lini?

Nyasi zikiloa maji
hazijui mrukaji;
ghorofa hamhitaji,
pigeni makofi chini.

*

Walicheka, wakaenda.
Cherehani ikadunda,
sikulala; zikatanda
sare kumi kitandani.

Jumamosi, saa tisa,
mpira bado kabisa,
wingu la Changamwe, sasa,
likapasuka vichwani.

Wenzao wajenga mnara
wa watu sita, imara;
umati kwa masikhara
ukatuita wa chini.

Nao haukuanguka,
uongo sitatamka;
wakashuka, wakacheka,
sifa zao mikononi.

Na Sauda? Nilimwona
kashika bega la Zena,
nyasi kazipima tena
kwa kidole cha guuni.

Kisha kofi akapiga
na wenzake wakaiga,
matope yakajimwaga
kwenye sare, mapajani.

Rangi haikuchujuka,
uzi haukufumka,
wala mtu kuteguka.
Tulifungwa mpirani.

*

Leteni sare nifue,
na godoro mchukue,
kudaka tukurudie
mpaka kulale mwilini.

Nami, kwa mkono huu
usofika tena juu,
nitakushika mguu,
Sauda. Panda. Amini.